Nimemchukua Baba Yako Kuona Magofu

Nyumba ya wageni, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji
Jumatano, 4 Juni

Mwanangu,

Mimi ninayeandika barua hii nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili na malori manne. Nimeishi kuliko tajiri aliyenifukuza kazi akasema sitafika popote, na kuliko daktari aliyeniambia nikiendelea na chumvi sitaiona sitini. Yeye ndiye hakuiona. Nilikwenda kumzika, na chakula cha siku hiyo nilikitia chumvi. Nakueleza mapema ili ujue unabishana na nani, maana najua utabisha.

Salamu nyingi. Hujambo? Kazi ya dobi hapo hospitali inakwendaje, na yale mashuka yasiyokwisha? Mgongo umepungua? Sisi hatujambo sote wanne: mimi Dereva, Kinyozi, Bucha, na Fundi. Ndiyo, Fundi. Baba yako ninaye.

Usipige kelele, soma kwanza. Unaikumbuka ile kalenda ya kwa Kinyozi, yenye picha ya mji wa kale uliozama mchangani, nguzo zimesimama peke yake kama watu waliosahaulika kituoni? Tumeitazama tangu ndevu zetu nyeusi. Kila tukingoja kunyolewa tunasema mwakani tutakwenda. Mwakani ikaja, mmoja anaoza binti. Mwakani nyingine, mmoja anaoa tena. Sasa nasikia kaka yako anakuja Jumamosi ya tarehe 21 kumchukua baba yenu akakae naye huko kwake mbali, ghorofa ya tano, mlango unafungwa kwa nje asitoke akapotea. Nikasema hapana. Kabla mtu hajafungiwa kama kuku wa kungoja kisu, ataona magofu. Kuna kampuni inapeleka makundi, basi linapita miji ya kale halafu linaingia jangwani. Tumeingia.

Ule mto uliolala ndani ya blanketi ni kazi yangu. Nadhani niliulaza vizuri.

Simu nimeiacha nyumbani ndani ya sufuria, makusudi. Ya Bucha imetumbukia chooni kituo cha kwanza. Ya Kinyozi huku haishiki kitu, anaitumia kujitazama masharubu. Ukitaka kuandika, peleka barua ofisi ya hao wenye safari, gari lao la vyakula linatufuata kila mahali. Na herufi zangu usizicheke. Nilisoma madarasa matatu, mengine nimesoma kwenye mabango ya barabarani.

Mimi,
Baba Mkubwa wako

* * *

Nyumbani
Ijumaa, 6 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimefunzwa adabu, si kwa sababu nimefurahi. Hali yangu ni njema kwa maana ya kwamba napumua. Wewe najua hujambo, watu kama wewe huwa hawajambo, wanaougua ni walio karibu nao.

Niliuamsha ule mto. Niliuambia chai tayari. Uliponinyamazia nikadhani Baba amenuna, nikauinamia nikaushika bega nikaubembeleza. Mimi, mtu mzima, msimamizi wa watu kumi na wawili, nabembeleza mto! Halafu nikakimbia mtaa mzima na kanga begani, naulizia hadi kwenye mitaro, mpaka muuza mkaa akaniambia aliwaona alfajiri mnapanda basi, wewe umeshika dirisha unawafundisha watu namna ya kupanga mizigo.

Baba Mkubwa, wewe bado unadhani unatembea na yule Fundi wa zamani. Huyu wa sasa ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikimjibu, anasema, "Ah, namjua baba yako, mtu mzuri," halafu baada ya kikombe kimoja ananiuliza tena. Akitoka nje anamfuata yeyote anayetembea mbele yake. Mwezi uliopita alimfuata mtu wa kusoma mita za maji nyumba baada ya nyumba, mpaka yule mtu akadhani ametumwa kumchunguza. Dawa zake mmeziacha juu ya kabati. Nimezipeleka ofisini kwao, zinakuja na barua hii. Kidonge cheupe asubuhi, cha njano jioni, na umtazame mpaka ameze, maana huficha shavuni.

Kaka hamfungii kwa ubaya. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, narudi giza limeingia. Nani atakaa naye? Wewe? Wewe uliyeunguza nyumba yako ukichemsha maji?

Mrudishe. Kaka akija tarehe 21 asimkute Baba, au Baba akipatwa na lolote huko, basi mlango huu usiujue tena. Sisemi kwa hasira. Nimengoja hasira ipungue ndipo nikaandika.

Mwanao

* * *

Mji wa nguzo, chini ya turubai
Jumanne, 10 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Dawa zimefika na maneno yako yamefika, na katika hayo mawili dawa zina ladha nafuu. Mgongo je? Hujasema mgongo.

Nyumba yangu haikuungua. Liliungua paa.

Sasa nikusimulie safari, maana naona wewe unadhani tuko hapa tunalia. Kundi letu ni watu ishirini na kitu, wengi wastaafu, wote wanaumwa magoti na hakuna anayekubali. Mwongozaji ni mama mmoja mwembamba ana filimbi na kibendera cha njano. Kila jiwe kwake lina miaka elfu mbili. Nikamuuliza, hakuna hata moja lenye elfu moja na mia tisa? Akapuliza filimbi. Tangu hapo hatupatani.

Dereva wa basi ni mtu wa lami, mchanga hajui. Nikamwambia, lile jiwe lipite kulia. Akasema, "Mzee, kaa chini." Nikasimama mbele pale, nikamgeukia, nikamwambia tena kulia. Akapita kulia ili ninyamaze, basi likazama mpaka tumbo. Watu wanasema ni mimi. Mimi nilisema kulia ya kwangu niliyekuwa nimewatazama wao, mtu mwenye akili angeelewa. Tulichimba kwa sahani za chakula. Bucha alichimba kwa mikono kama panya buku, halafu akanitukana ukoo mzima hadi bibi. Ingekuwa si mimi kuwaelekeza namna ya kutupa mchanga, tungekuwa pale hadi leo.

Baba yako sasa. Sikiliza. Jana tulifika kwenye sanamu ya mtu wa jiwe, hana kichwa, amevaa joho refu limekunjamana. Mwongozaji anaeleza, alikuwa tajiri, sijui jemadari. Baba yako akasogea, akapita ile kamba ya kuzuia watu, akashika pindo la jiwe akalipapasa kwa vidole hivi, polepole. Filimbi inapulizwa, hasikii. Akageuka akasema, "Huyu aliibiwa kitambaa. Fundi wake alikata kipande kizima hapa ubavuni akaenda nacho kwake."

Kinyozi akamuuliza, "Na wewe Fundi uliiba vingapi?"

"Mimi sikuiba. Nilibakiza."

Bucha ilibidi akae chini kwa kucheka. Hata yule mama wa filimbi alicheka, nilimwona, ingawa aligeuka. Nikuulize wewe unayejua kila kitu: lini mara ya mwisho amesema neno kama hilo hapo nyumbani, kati ya kikombe na kikombe?

Na hilo la kufuata watu nimelimaliza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nimepata uzi mzito, ule wa kushonea maturubai, hata ng'ombe haukati. Ncha moja mkononi mwake, ncha moja kwenye mkanda wangu. Akienda naenda, nikikaa anakaa. Nyinyi mmesoma, mmeona dawa ni ghorofa ya tano. Mimi nimetumia uzi.

Hatukatishi safari. Kesho kutwa tunaingia jangwani kwenyewe. Kidonge cha njano anameza, namtia kidole shavuni kuhakikisha. Ameniuma mara moja tu.

Baba Mkubwa wako

* * *

Nyumbani
Jumatano, 11 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Barua yako ya jana nimeipata leo, gari lao linakimbia kuliko posta. Mgongo ni ule ule, ahsante.

Ile ya joho nimeisoma mara mbili, nikawasomea wenzangu kazini, mashine zinanguruma, ikabidi nipaze sauti. Wamecheka. Mimi pia nimecheka, sikatai. Halafu nikaenda kukaa kwenye marobota ya mashuka machafu, sitasema kwa nini.

Lakini Baba Mkubwa. Umemfunga fundi cherehani kwa uzi.

Ulifikiri kidogo? Wiki ile kabla hujamwiba nilikuwa nimesimama jikoni na sare ya kazi, uzi umening'inia kwenye kiwiko. Alikuja, akaushika, akauinamia, akauuma kwa meno tap! akaenda zake. Hakunijua mimi ni nani. Uzi aliujua. Mtu amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, uzi unaoning'inia hawezi kuuacha, hata awe usingizini. Mfungue. Mshike mkono, kama binadamu anavyomshika binadamu, na usimwachie hata akisema anakwenda chooni. Hasa akisema hivyo.

Nimemwandikia kaka kwamba Baba yuko matembezini na marafiki na atakuwepo tarehe 21. Nimeweka jina langu hapo. Usinifanye mwongo.

Mwanao

* * *

Kambini
Ijumaa, 13 Juni

Mwanangu,

Salamu. Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, anakusalimu. Amelala.

Barua yako imefika jioni hii. Nimeisoma.

Watu wa ofisi wakikupigia simu usiwasikilize sana, ni watu wa maneno mengi. Huku joto. Karatasi imekwisha.

Baba Mkubwa wako

* * *

Ofisini kwa wenye safari
Jumamosi asubuhi, 14 Juni

Mzee Dereva,

Sikuamkii.

Ofisi walinipigia jana jioni niko kazini. Mzee mmoja hajaonekana tangu mchana, amevaa shati la bluu na kofia ya kusuka. Nimekesha hapa kwenye kiti cha plastiki, mbele yangu kuna picha kubwa ya jangwa, wameiweka ukutani kwa ajili ya kupendeza. Kila baada ya muda kijana wa redio anageuka ananitikisia kichwa.

Asubuhi hii gari la vyakula limeingia, na dereva wake akanipa barua yako mkononi, kwa furaha, anadhani ananiletea habari njema. "Amelala." Amelala wapi, Mzee Dereva? Chini ya jiwe gani?

Uliniandikia hivyo ukijua.

Gari linarudi sasa hivi. Sina la zaidi.

Binti wa Fundi

* * *

Kambini
Jumapili, 15 Juni

Mwanangu,

Hujaniamkia, mimi naitikia hivyo hivyo: marahaba. Najua jana mchana redio ilikwambia amepatikana na ni mzima. Lakini redio haijui kusimulia, na yule mama wa filimbi najua ameandika ripoti yake, humo mimi nitakuwa shetani. Kwa hiyo soma na ya kwangu. Na nimeona umeniita Mzee Dereva, kama askari wa barabarani. Sawa.

Ijumaa tulifika mji wa mwisho, ule uliozama. Joto mpaka mawe yanalia. Tukala, tukaingia kwenye kivuli cha ukuta. Mimi na baba yako tumekaa bega kwa bega, uzi uko kwenye mkanda wangu, nikaupiga mafundo mawili, mafundo ya kufungia mzigo wa saruji. Nikafumba macho. Anayesema nilikoroma ni Bucha, na Bucha mwenyewe huwa analala amesimama.

Nilipofumbua, uzi upo. Nikauvuta, ukaja. Ulikatwa safi, kwa meno, na kwenye ncha amepiga fundo dogo la fundi ili usifumuke. Yaani alinikata, halafu akanimalizia kazi vizuri.

Tulitafuta. Mwongozaji alipuliza filimbi mpaka midomo ikavimba. Kinyozi, na lile goti lake, alipanda juu ya ukuta ambao umekatazwa hata kuguswa, akaita "Fundi! Fundi!" na ule mji mtupu unamrudishia. Bucha alilia. Mtu aliyechinja ng'ombe maisha yake yote, analia kama mtoto aliyeangusha chakula, ananiambia, "Wewe na uzi wako! Wewe na uzi wako!" Mimi nilitoka peke yangu mara mbili kumfuata upande wa mchanga mwingi, mara zote mbili ilibidi watu waache kumtafuta Fundi wanitafute mimi. Wakanikalisha garini, wakaniwekea mama mmoja mstaafu wa benki anilinde. Hapo ndipo barua yako ya uzi ikanifikia, na hapo ndipo nikaandika ile ya kwangu.

Unasema niliandika nikijua. Nilijua. Hakuna gari usiku, hakuna la kufanya mpaka kuche, na wewe unaamka saa kumi. Nikaona huyu binti, angalau yeye alale. Nilidhani ofisi watangoja mpaka asubuhi kama watu wenye akili. Ndivyo nilivyopiga hesabu.

Sasa alikuwa wapi. Siku ile kulikuwa na kundi jingine pale, la walimu wastaafu, basi lao jeupe kama letu. Mwalimu mmoja wa kike alikuwa na gauni limefumuka pindo nyuma, linaburuta. Baba yako akaliona, akakata alichofungiwa, akamfuata. Alimfuata hadi ndani ya basi, akakaa kiti cha nyuma yake, na basi likaondoka. Walimu walipohesabiana wakakuta mmoja amezidi. Wakahesabu tena, amezidi. Nimemuuliza kiongozi wao, mzee mwenye miwani, kwa nini hukusema? Akanijibu, "Bwana, nimehesabu wanafunzi miaka yangu yote. Akipungua mmoja ni balaa. Akizidi mmoja, unamshukuru Mungu na unanyamaza." Na kila mmoja alidhani ni mume wa mwenzake.

Redio ilipouliza makundi yote ndipo wakamtaja, tukafika kambini kwao kwenye visima Jumamosi mchana. Hapo uniamini, kwa sababu hata ningekuwa mwongo nisingeweza kutunga hili. Baba yako amekaa juu ya kreti la soda chini ya turubai, sindano mkononi, na mbele yake wamepanga foleni. Walimu wazima, mmoja ana shati, mmoja ana begi limechanika mshipi, mmoja ameshika suruali na yeye mwenyewe amejifunga taulo. Anafanya kazi, anawagombeza. "Nani alikushonea hivi? Huyu ni fundi au mganga?" Wanacheka, wamempa kivuli kizuri na maji. Kidonge cha njano hakumeza, hilo kweli.

Nikapita foleni yote. Nikasimama mbele yake. Siku nzima nimepanga matusi ya kumtukana, yote yamepotea. Nikasema, "Fundi."

Akainua macho. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. Akasema, "Yako bado. Njoo Ijumaa."

Mimi! Mwanangu, mimi nilikuwa nakaa kwenye mlango wa duka lake nikisikia anawadanganya watu Ijumaa, Ijumaa, na wakigeuka tu ananikonyeza. Watu wote wa mji ule aliwaambia njoo Ijumaa isipokuwa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nakonyezwa.

Nilitoka kwenye foleni nikaenda kutazama matairi ya basi la walimu. Yalikuwa na upepo mdogo, nikamwambia dereva wao. Hakunishukuru.

Baadaye Kinyozi alimshika mkono akampandisha kwenye gari letu. Namshika mkono sasa. Naandika kwa huu mmoja, ndiyo maana herufi zimepinda. Tunarudi. Jumatano tutakuwa mlangoni kwako, kabla ya kaka yako, kama ulivyoahidi kwa jina lako.

Baba Mkubwa wako,
kama bado

* * *

Nyumbani
Jumatatu, 23 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Goti la Kinyozi linaendeleaje? Nimesikia wamemfunga bandeji. Na wewe, nasikia hutoki ndani, humpokei mtu, na simu bado iko kwenye sufuria. Ndiyo maana naandika, nampa muuza mkaa akuletee.

Jumatano ile sikukukaribisha ndani. Nilimchukua Baba mkononi mwako nikafunga mlango, na nilikusikia umesimama pale nje muda mrefu. Sijutii. Bado nimekasirika na nitaendelea kukasirika kwa nafasi yangu, usinikimbize.

Lakini kuna jambo.

Kaka alikuja Jumamosi kama alivyosema. Nguo za Baba nilikwishazipanga kwenye sanduku, dawa nimeandika maelezo. Tukamkuta Baba amekaa kwenye ngazi ya mbele, amevaa viatu, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Kaka akamwambia, "Baba, twende, gari tayari."

Baba akamwamkia vizuri sana, akamuuliza watoto hawajambo. Halafu akamwambia, "Ahsante kijana, lakini siwezi kwenda na wewe. Mimi niko na kundi."

"Kundi gani, Baba?"

"La safari. Tumesimama tu hapa kidogo. Dereva amekwenda kutazama tairi, anarudi sasa hivi."

Kaka akacheka. Akamshika mkono kumwinua. Baba akashika nguzo ya mlango, Baba Mkubwa, akaishika kwa mikono miwili, na akaanza kupiga kelele kwamba anaibwa, kwamba Dereva akirudi asimkute ataachwa jangwani. Majirani wakatoka. Kaka akamwachia. Akakaa naye pale kwenye ngazi, akambembeleza kwa soda, akambembeleza kwa majina ya wajukuu. Baba anamjibu kwa adabu zote na haondoi macho barabarani. Jua likazama. Kaka akaingia ndani, akanawa uso. Akaniambia, "Siwezi kumbeba kama mzigo." Ameondoka peke yake. Amesema atanisaidia kutafuta mtu wa kushinda naye hapa nikiwa kazini, na mwisho wa mwezi atakuja kutazama tena.

Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Nikiamka saa kumi kwenda kazini namkuta ngazini, viatu, kofia. Nikirudi yupo pale. Jirani anamlisha hapo hapo, maana kuingia ndani hataki, basi litamwacha. Hamfuati mtu yeyote tena. Mtu wa mita za maji alipita leo mchana, jirani amenisimulia, Baba akampungia mkono tu akamwambia, "Wewe tangulia."

Mimi hanijui. Kaka hakumjua. Magofu ukimuuliza anasema hajawahi kwenda popote. Lakini kwamba wewe unarudi, hilo analijua.

Nimemwambia mara ngapi safari imekwisha! Hanisikii, ananiona kama yule mama wa filimbi. Wewe ndiye uliyemwingiza humo, wewe atakusikia. Njoo umwambie imekwisha, aingie ndani, alale kitandani kama watu. Ukija mlango uko wazi. Sijasema nimekusamehe. Nimesema mlango.

Mwanao

* * *

Kwangu, chumba chenye paa jipya
Jumatano, 25 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, tena marahaba. Mimi mzima. Anayesema sitoki ndani ni mwongo, nilitoka Jumapili kumfokea mtu aliyeegesha vibaya. Kinyozi goti limevimba kama boga, anajitapa nalo. Bucha hasemi na mimi, lakini ameniletea maini, kaweka mlangoni akaondoka bila hodi.

Barua yako nimeisoma, nikamwita muuza mkaa aisome tena kwa sauti, kwa sababu pale aliposema Dereva anarudi herufi zako zilinichezea.

Sasa jibu langu, na usikasirike mapema, ngoja nimalize. Kuja nitakuja. Kumwambia safari imekwisha, hapana. Sitamwambia. Nimeendesha malori na mabasi tangu barabara ikiwa ya vumbi, nimekwama matopeni, nimepasua matairi, nimewahi kuendesha na jino linaloniuma kichwa kizima. Abiria sijamshusha njiani hata mmoja. Hata yule mlevi aliyenitapikia nilimfikisha kwao nikamgongea mkewe. Sasa nianze na Fundi?

Kesho asubuhi, kabla hujaenda kazini, utaniona. Nitamwambia tairi limepona, inuka twende. Tutakwenda nyuma ya soko kwenye kile kinu cha unga kilichoanguka, kuta zipo na madirisha hayana kitu, ni gofu zuri tu kama yale mengine na halina filimbi. Keshokutwa tutakwenda pale wanapojenga shule, kuna chungu ya mchanga kubwa, tutakaa juu yake tule mkate. Mchana kwa Kinyozi. Jioni namrudisha kwako, alale, kwa sababu kila kundi lina mahali pa kulala, na hilo ataelewa. Kesho yake tena. Huyo mtu wa kushinda naye ambaye kaka yako anamtafuta, mwambie aache kutafuta. Mkono nitamshika, si kamba, si uzi, mkono, na kaka yako akija mwisho wa mwezi anaweza kutufuata nyuma atuchunguze kama mtu wa mita.

Akinijua siku hiyo, vizuri. Asiponijua, nitakuwa Dereva tu, inatosha, ndiyo kazi yangu.

Najua utauliza nani atakuhakikishia kwamba mzee huyu hatakupotezea baba mara ya pili. Muulize Kinyozi, aliona nilivyomshika siku zote tatu za kurudi, hata chooni, hadi watu wakasema. Muulize Bucha, atakwambia mimi ni punda, lakini muulize kama punda huyo amewahi kukosa kurudi. Muulize yule mama wa filimbi ukipenda, ingawa atakupulizia. Na ukitaka shahidi mkubwa kuliko hao wote, yuko hapo ngazini kwako, amevaa viatu. Toka nje umuulize anamngoja nani.

Baba Mkubwa wako